Nani Alaye Intaneti ya Nyumba Yetu?

Siku hizi jamaa nyingi katika miji yetu, iwe Lubumbashi, iwe Bukavu, iwe Kisangani, zimeweka nyumbani kisanduku kidogo chenye taa, kiletacho intaneti kwa njia ya hewa bila waya. Baba hukinunua, fundi hukiweka juu ya kabati, watoto hushangilia, na tangu saa ile hakuna mtu akikumbukaye, ila siku intaneti inapokwisha kabla ya wakati wake. Siku hiyo maneno huanza. Baba amlaumu mwana kwa kutazama mpira usiku. Mwana amsingizia dada yake. Na mama, aliyetuma picha mbili tu za mtoto mchanga kwa shangazi aliye mbali, ahesabiwa naye kuwa mharibifu wa mali. Kumbe pengine hakuna hata mmoja wao aliyekula. Mlaji ameketi upande wa pili wa ukuta, ametulia, wala hasikii magomvi yaliyoletwa naye.

Watu huiita njia hii ya hewa wifi, nasi tutaiita vivyo hivyo, ijapokuwa sikio la Mswahili lacheka kidogo, kwa kuwa wifi tumjuaye sisi ni dada wa mume. Lakini hata wifi huyo, mwenye haki zake zote katika nyumba ya kaka yake, hupiga hodi kabla ya kuingia. Yule tutakayemsema leo hapigi hodi.

Tufahamu kwanza kitu chenyewe. Kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita ruta, ni kituo kidogo cha redio. Tofauti yake na kituo cha habari ni hii, kwamba kituo cha habari chanena tu, na ruta yanena na kusikia pia. Mawimbi yake ya kawaida hutikisika mara bilioni 2.4 kila sekunde, na urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12 na nusu. Ukuta wa matofali hauyazuii mawimbi hayo, huyapunguza nguvu tu. Bati na chuma huyazuia zaidi. Hayajui mpaka wa kiwanja wala miiba ya ua. Katika mtaa ambao nyumba zimebanana, wifi ya nyumba moja yasikika katika nyumba nyingine kadhaa, na kijana mwenye simu aliyesimama barabarani aisoma kwa jina. Yafaa kuweka ruta katikati ya nyumba, mbali na dirisha la njiani, lakini mtu asidhani kwamba kwa kufanya hivyo amefunga. Hatuna uwezo wa kuyazuia mawimbi yasisikike. Uwezo tulio nao ni wa kumzuia mtu asiingie, na asifahamu anachosikia.

Hapa wengine watatujibu, tena si kwa mzaha: "Mbona mwatufundisha uchoyo? Jirani akiomba moto hupewa. Akikosa chumvi hupewa. Mgeni akipita wakati wa chakula hukaribishwa bila kuulizwa jina la babake. Sasa kwa ajili ya hewa tu mwataka tutie kufuli?"

Neno hili si la kudharauliwa, na sisi hatupendi kuona desturi hizo njema zikifa mijini. Lakini tuzitazame vizuri. Yeye aombaye moto husimama mlangoni petu. Twauona uso wake, twamjua ni mtoto wa nani. Mama apewaye chumvi leo ndiye atakayeleta majani ya muhogo kesho. Hata mgeni asiyejulikana huketi mbele yetu, naye ala akionekana. Ukarimu wahitaji watu wawili. Aingiaye katika wifi yetu kwa siri hakuomba, na sisi hatukumpa; basi ni nani kati yetu aliyekuwa mkarimu? Tena hewa ni ya bure kweli, lakini megabaiti si hewa. Zilinunuliwa kwa franka, pengine kwa franka zilizotolewa katika fungu la sabuni na mafuta, na mtu mmoja akitazama sinema moja ndefu yenye picha nzuri aweza kumaliza gigabaiti mbili au tatu. Mwanafunzi wa nyumba hiyo atakapotaka kusoma somo lake jioni, atakuta chungu kimekombwa.

Lakini hasara ya fedha ndiyo ndogo. Liko jambo kubwa kuliko hilo, ambalo baba wa jamaa hana budi kulijua. Katika intaneti nyumba nzima huonekana kwa nje kama mtu mmoja. Kila kitendo kifanywacho kwa njia ya ruta yenu, kiwe chema au kibaya, huandikwa kwa namba mliyopewa na kampuni iwauziayo intaneti. Kampuni haimwoni Petro wala Kabila wala jirani. Huona namba tu. Mtu akimtukana mwingine, akiiba fedha kwa hila, akitafuta picha za aibu, namba ni ile ile, na namba hiyo ndiyo itakayofuatwa.

Jambo hili si la kutungwa. Mwezi wa Machi 2011, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York huko Marekani, mtu mmoja aliamshwa alfajiri na kishindo cha mlango wake ukivunjwa. Maafisa wa serikali wenye bunduki walimwamuru alale chini, wakamwita kwa jina la aibu ambalo hatuwezi kuliandika hapa, wakachukua kompyuta yake na simu zake na za mkewe. Walikuwa wanamtafuta mtu aliyekuwa akipokea picha chafu za watoto, na namba waliyoifuata iliwaleta katika nyumba hiyo. Mwenye nyumba hakuwa na habari yo yote. Alikuwa amenunua ruta, asiitie neno la siri, hilo tu. Wapelelezi walichunguza vyombo vyake siku tatu, wakaona kwamba hana hatia, na siku chache baadaye walimkamata jirani, aliyekuwa akiitumia wifi ile kutoka katika nyumba yake mwenyewe. Mtu yule alirudishiwa heshima yake mbele ya sheria. Lakini fikirini mke aliyeona mumewe akilazwa sakafuni kwa neno kama lile, na mtaa mzima uliotazama. Je, wote waliosikia shtaka walisikia pia kwamba limefutwa? Katika mitaa yetu twajua jinsi habari mbaya ikimbiavyo, na jinsi habari ya kuisahihisha ijikokotavyo nyuma.

Huko Ujerumani mahakama kuu ya mambo ya madai iliamua tarehe 12 Mei 2010 kwamba mwenye nyumba asiyeilinda wifi yake ipasavyo aweza kudaiwa gharama mpaka yuro 100, ijapokuwa katika kesi hiyo mwenyewe alikuwa likizoni wakati mtu asiyejulikana alipoitumia kugawa wimbo pasipo ruhusa. Sheria ya huko ililegezwa mwaka 2017. Kwetu Kongo, sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 yamwadhibu mtu aingiaye pasipo haki katika mitambo ya kompyuta ya mwenziwe. Lakini sheria humshika mwizi baada ya wizi, tena akionekana.

Tusitie hofu kupita kiasi. Yule aliyejiingiza katika wifi yenu hawezi kwa kawaida kusoma barua zenu wala kuona fedha zenu za simu, kwa maana siku hizi kurasa nyingi za intaneti na programu za benki hufumba maneno yake zenyewe, hata yakipita katika njia mbovu. Walakini akiwa ndani aweza kujaribu milango mingine: kompyuta ya nyumbani iliyoacha mafaili yake wazi, kamera ya ukutani, mashine ya kuchapa. Aweza hata kuifikia ruta yenyewe na kuigeuza ipendavyo nafsi yake. Basi na tuje kwenye kufuli.

Kufuli za wifi zimekuwa za namna namna. Ya kwanza, iliyotoka mwaka 1997, yaitwa WEP. Hiyo ilivunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba yafunguka kwa muda usiotimia dakika moja. Ruta ya zamani isiyojua kufuli nyingine ila WEP yafaa kustaafishwa, hata kama bado yawaka taa zake vizuri. Baadaye ikaja WPA mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004, ambayo ndiyo ilindayo nyumba nyingi mpaka leo. Na mwaka 2018 ikatangazwa WPA3, iliyo bora zaidi. Katika ukurasa wa kuipanga ruta maneno yaweza kuwa ya Kifaransa au ya Kiingereza, lakini herufi hizi hazibadiliki kwa lugha yo yote. Tafuteni WPA3, isipokuwapo, chagueni WPA2 iliyoandikwa pamoja na herufi AES. Mkikuta ruta imeachwa wazi bila kufuli, hapo hapana haja ya kumtafuta mchawi wa megabaiti zenu.

Tena kufuli nzuri huhitaji kutunzwa. Mwezi wa Oktoba 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha ufa katika WPA2 yenyewe. (Leuven ndiko lilikotoka jina la Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954, wazee waliosoma huko watatabasamu.) Ufa huo ulizibwa kwa programu mpya, na simu na ruta zilizopokea programu hizo zikapona. Kwa hiyo simu ikiwaomba ruhusa ya kupokea programu mpya ya mfumo wake, msiikatalie mwaka mzima kwa kuogopa kupungukiwa megabaiti. Na ruta pia ina programu yake ndani, ambayo fundi aweza kuwaonyesha jinsi ya kuipyaisha.

Sasa neno la siri, ambalo ndilo ufunguo wenyewe. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana hapa ndipo jamaa nyingi hujidanganya.

Simu inapobisha hodi kwa ruta, hizo mbili husemezana maneno machache ya fumbo, ili kila moja ihakikishe kwamba mwenziwe alijua neno la siri, pasipo neno hilo kutamkwa. Katika WPA2 mtu aliye nje, mwenye kompyuta na maarifa ya kutosha, aweza kunasa mazungumzo hayo mafupi, akaenda nayo kwake, na huko, polepole au upesi, akajaribu neno moja baada ya lingine mpaka fumbo lifanane. Ruta haijui kwamba yajaribiwa, kwa hiyo haiwezi kumfungia mlango. WPA3 imeiziba njia hiyo, lakini ruta nyingi majumbani hazijafika huko. Na kompyuta moja yenye kadi nzuri ya picha yaweza kujaribu maneno laki kadhaa kila sekunde.

Tupige hesabu, wanafunzi watatusaidia. Jamaa nyingi huchagua namba ya simu ya baba kuwa neno la siri, kwa kuwa kila mtu nyumbani aikumbuka. Namba zetu za Kongo zina tarakimu 10. Lakini tarakimu 3 za kwanza ni za kampuni ya simu, na kila mtu azijua: 081, 099, 084 na kadhalika. Zabaki 7, yaani namba milioni 10 tu kwa kila mwanzo. Mashine ijaribuyo 400,000 kila sekunde huzimaliza zote kwa sekunde 25. Baba hajamaliza kufunga kamba za viatu! Tarakimu 8 za kujitungia, kama vile tarehe ya kuzaliwa mtoto, ni milioni 100 zikihesabiwa zote, yaani dakika 4 hivi. Nazo tarehe za kweli ni chache mno kuliko hizo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13 wala siku ya 40. Jina la mtoto lililofuatwa na 123 halihitaji hata hesabu, liko katika orodha za kwanza wanazojaribu.

Basi chagueni neno refu. Kufuli hii hukubali herufi kuanzia 8 mpaka 63, na urefu ndio nguvu yake. Maneno manne au matano ya kawaida yasiyohusiana hata kidogo, yaliyounganishwa, hukumbukika kwa watoto na kuwashinda wenye mashine: mwiko, nyati, ndoo, zambarau, alhamisi. Mfano huu lakini umekwisha kuchapwa hapa, kwa hiyo msiutumie. Msichukue pia mstari wa sala au wa wimbo unaojulikana, kwa maana watu hao hukusanya maneno ya vitabu.

Hata hivyo, tukisema kweli tupu, majirani wengi walao intaneti ya watu hawakuvunja fumbo lo lote. Walipewa. Mtoto wa nyumba humpa rafiki yake wa shule kwa kunong'ona. Rafiki humpa kaka yake. Kaka, mwenye duka la simu pembeni, huwapa wateja. Simu za sasa zimerahisisha jambo hilo mno: simu iliyokwisha kuingia huonyesha picha ya miraba midogo myeusi na myeupe, mwingine huipiga picha hiyo kwa simu yake, naye amekwisha kuingia, na katika simu nyingi neno lenyewe huandikwa chini ya picha. Ziko pia programu zijisifuzo kwamba zafungua wifi za bure po pote. Nyingi kati yake hazivunji kitu, bali hukusanya maneno ya siri kutoka katika simu za watu waliozikubali, na kuyagawa kwa wote. Mtoto mmoja akiiweka programu ya namna hiyo katika simu iliyo na neno lenu, amelitangaza mtaani bila kutamka herufi moja. Kwa hiyo mwenye kubadili neno la siri leo na asiseme na watoto wake, baada ya majuma matatu atakuwa pale pale.

Kubadili kwenyewe si kazi kubwa. Ukiwa umeunganishwa na ruta, huandika katika kompyuta au simu anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na pengine imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kisanduku. Mara tu neno likibadilika, vyombo vyote hufukuzwa, vyenu na vya wageni, na kila kimoja hudai neno jipya. Huo ndio ufagio bora kuliko yote. Wengine hupenda kwanza kujua ni nani aliyekuwa ndani: katika ukurasa huo huo ipo orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Hesabuni vya kwenu, simu ya baba, ya mama, ya mwana, kompyuta, televisheni. Vikizidi, yuko mgeni. Lakini msimkimbilie jirani kwa fimbo kwa sababu ya jina msilolijua, maana simu za karibuni hujibadilisha namba zake kwa kusudi la kumficha mwenyewe asifuatwe, na televisheni hujiita majina ya ajabu. Tumesikia majirani waliokosana kwa ajili ya mashine ya kuchapa iliyokuwa chumbani mwao wenyewe.

Katika ukurasa huo mtakuta pia herufi WPS. Hiyo ni njia ya mkato ya kuingia kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba ya tarakimu 8. Mwezi wa Desemba 2011 Stefan Viehböck alitangaza udhaifu wake: ruta hujibu kwanza kama nusu ya kwanza ya namba ni sahihi, kisha nusu ya pili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia. Ni kama mlinzi amwambiaye mwizi, "Umekwisha kupata nusu, endelea." Mahali pa kujaribu mara milioni 10, mwizi ajaribu mara 11,000 kwa wingi, na hata neno la siri lenye herufi 63 halitamzuia, maana hakupitia mlango huo. Izimeni WPS.

Wako mafundi wawashaurio watu kuficha jina la wifi lisionekane katika simu za wengine. Hilo si kufuli. Simu zenu wenyewe hulazimika kuliita jina hilo kila mara, hata mkiwa sokoni, na mwenye kusikiliza alipata. Wengine huiandikia ruta namba za vyombo vinavyoruhusiwa tu. Lakini namba hizo hutamkwa hewani waziwazi, na kuigiza namba ya mwingine ni kazi ya dakika moja. Fundi awadaiye fedha kwa mambo hayo mawili tu hajafunga kitu.

Jambo lisahauliwalo kuliko yote ni kwamba ruta ina maneno mawili ya siri. La kwanza ni la kuingia katika wifi. La pili ni la kuingia katika ukurasa wa kuipanga ruta yenyewe, nalo mara nyingi ni lile lililotoka kiwandani, "admin" kwa jina na "admin" kwa neno, sawasawa kwa visanduku maelfu. Aliyejua hilo ni bwana wa nyumba kuliko baba. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu maneno ya viwandani yapatayo 60 hivi katika kamera na ruta za watu, nayo ilikamata vyombo malaki. Mwezi wa Oktoba mwaka huo vyombo hivyo, kwa kuamriwa vyote kubisha pamoja, viliziba kurasa nyingi kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Na mwezi uliofuata kundi la namna iyo hiyo liliilemea kampuni kubwa ya simu ya Liberia, katika Afrika yetu. Mwingereza aliyefanya hilo la Liberia alihukumiwa London mwezi wa Januari 2019 kifungo cha miezi 32. Vyombo vyenyewe vilikuwa vya watu waliolala usingizi wao bila kujua. Basi mkibadili neno la wifi, badilini na hilo la pili siku iyo hiyo, nayo yasifanane.

Na mgeni wa kweli je, aliyebisha hodi? Mkwe amekuja kutoka Likasi, ataka kuwapigia wanawe. Mwanafunzi wa jirani ana mtihani wa serikali. Apewe. Ruta nyingi zina njia ya pili kwa ajili ya wageni, yenye jina lake na neno lake, iletayo intaneti tu wala haimfikishi mtu kwenye vyombo vya nyumba. Mgeni akiondoka, njia hiyo huzimwa. Asiyekuwa na ruta bali agawa intaneti kwa simu yake, na awashe wakati wa kugawa na kuzima baadaye, huku akiiwekea simu hiyo neno refu kama tulivyosema.

Ninyi wanafunzi mnaosimama jioni chini ya ukuta wa watu mkitazama simu, twawajua, na baadhi yenu mwajua kwamba twawajua. Haja ya kusoma ni haja njema. Lakini mwenye ukuta huo hana habari nanyi, na siku jambo baya litakapofuatwa mpaka kwake, hataulizwa ninyi mlikuwa mkisoma hesabu au la. Bisheni hodi. Wengi watakubali kutoa saa moja jioni kwa mtoto wamjuaye jina, na atakayekataa alikuwa na haki ya kukataa.

Limebaki la karatasi. Neno la siri likiisha kuchaguliwa, liandikeni kwa kalamu, yote mawili, na karatasi iwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za kiwanja, wala isibandikwe sebuleni. Umeme ukikatika na kurudi, ruta haisahau kitu. Lakini nyuma yake kiko kitundu kidogo ambacho mtu akikichoma kwa sindano kwa sekunde kumi hivi, ruta hurudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na neno la kiwandani na WPS iliyowashwa. Mafundi hukichoma kila wanaposhindwa, na watoto hukichoma kwa kucheza. Ikiwa siku moja jina la wifi yenu limegeuka kuwa herufi na tarakimu msizozichagua, itoeni karatasi kabatini na kuanza kazi upya jioni ile ile.